Baina ya Balehe na Rushdi: Miaka Tunayoiacha Bila Mlezi



Katika mwambao wetu, tangu Moa na Mkinga hadi Pangani na Mkwaja, mtoto wa Kiislamu hutiwa chuoni mapema. Huanza na alifu na be, akapanda hadi Juzuu Amma, na akijaaliwa huhitimu Msahafu akiwa na umri wa miaka 11, 12 au 13. Siku hiyo hupikwa pilau, mwalimu hutunzwa, na jamaa hukusanyika kumwombea mtoto dua. Kwa watoto wengi, hata hivyo, siku hiyo ndiyo ya mwisho kuonekana mkekani. Ukipita alasiri katika vyuo vingi vya Ngamiani utawaona wadogo tele, wenye miaka 6 hadi 11. Waliopindukia hapo huwa wachache, na miongoni mwao wavulana ni wachache zaidi.

Tumezoea kuliona jambo hili kuwa la kawaida. Mtoto amehitimu, amebaleghe, anajua kuswali. Basi kazi ya mlezi imekwisha, na kilichobaki ni kumlaumu akikosea. Safu ya juma hili inadai kuwa mazoea hayo hayana msingi katika dini yetu wala katika elimu ya makuzi ya mwanadamu. Kubaleghe ni mlango wa kuingilia tu. Nyuma yake kuna njia ndefu, na kijana anahitaji mtu wa kwenda naye.

Mipaka miwili

Tuanze na Qur'ani Tukufu. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaelekeza walezi wa mayatima namna ya kuwakabidhi mali zao. Aya inawataka wawajaribu mayatima hao mpaka wafikie umri wa kuoa. Kisha, wakiona kwao rushdi, ndipo wawape mali yao. Zingatia kwamba aya imetaja mambo mawili. La kwanza ni kufikia umri, ambao ni jambo la mwili. La pili ni rushdi, yaani uwekevu: akili iliyokomaa kiasi cha kujua lenye manufaa na lenye madhara, na kulitenda analolijua. Lau mambo hayo mawili yangekuwa kitu kimoja, aya isingeyatenganisha.

Kuhusu mpaka wa kwanza, wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tuliyorithi pwani, wanataja dalili zinazofahamika: kutokwa na manii, hedhi kwa msichana, na zisipoonekana dalili hizo, kutimia miaka 15. Hoja ya miaka 15 ni habari ya Abdullah bin Umar (r.a.), aliyeeleza kuwa siku ya Uhud alijitokeza mbele ya Mtume (s.a.w.) akiwa na miaka 14, asiruhusiwe kupigana, na siku ya Khandaq, akiwa na miaka 15, akaruhusiwa. Mzazi akumbuke pia kwamba miaka hiyo ni ya mwezi mwandamo. Miaka 15 ya Hijria ni takriban miaka 14 na miezi 6 na nusu kwa kalenda iliyo katika cheti cha kuzaliwa. Asiyelijua hili humchelewesha mwanawe karibu nusu mwaka katika kumkumbusha swala na funga za faradhi.

Mpaka wa pili hauna tarehe. Imamu Shafi aliifasiri rushdi kuwa ni kutengenea kwa mtu katika dini yake na katika kuitumia mali yake. Imamu Abu Hanifa alisema kijana ambaye rushdi haijaonekana kwake azuiliwe mali mpaka afikie miaka 25. Wamehitilafiana katika hukumu, lakini wote wawili wamekubali jambo moja: mtu anaweza kuwa amebaleghe, kalamu ya malaika inamwandika, na bado akawa anamhitaji msimamizi.

Yanayotokea mwilini na ubongoni

Sasa tuangalie wanayoyasema matabibu na wataalamu wa makuzi. Shirika la Afya Duniani huhesabu kipindi hiki tangu miaka 10 hadi 19. Kwa kawaida dalili za mwanzo za mabadiliko ya mwili huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa msichana, na kati ya miaka 9 na 14 kwa mvulana. Zikianza kabla ya hapo, au umri huo ukapita bila dalili yoyote, inafaa mtoto apelekwe kwa daktari.

Mwili huonekana, ubongo hauonekani. Mtoto wa miaka 6 tayari ana ubongo unaokaribia ukubwa wa ule wa mtu mzima. Ukubwa huo haumaanishi kwamba ujenzi umekwisha. Katika miaka ya balehe, sehemu za ubongo zinazohusika na hisia, raha na hamu ya kupata tunzo huamka kwa nguvu. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayohusika na kupima matokeo, kujizuia na kupanga mambo ya mbele, huchelewa: hukomaa polepole mpaka mtu anapofikia katikati ya miaka ya ishirini. Mfano wake ni jahazi lililokwisha tandikwa tanga lote ilhali usukani bado unachongwa. Upepo ukivuma, chombo kitakwenda mbio, lakini kwenda mbio si kufika.

Ndiyo maana mvulana wa miaka 14, akiwa peke yake na mtulivu, anaweza kukueleza vizuri hatari ya kupanda bodaboda inayoendeshwa kwa fujo. Mwache na wenzake watatu, na atapanda. Elimu anayo, ila mbele ya marafiki uzito wa kupendwa nao huzidi uzito wa hatari. Usingizi nao hubadilika. Katika umri huu saa ya mwili husogea mbele, na kijana huchelewa kusinzia kwa saa moja au mbili kuliko alivyokuwa utotoni, ilhali bado anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Mzazi anayemwita mwanawe mvivu kila alfajiri aanze kwanza kuuliza simu ililala chumba gani.

Haya si udhuru wa maasi. Aliyebaleghe ni mukallaf, ataulizwa juu ya swala yake na ulimi wake. Ila kuulizwa kwake hakumwondolei mzazi wajibu wake. Mtu anaweza kuwa na deni lake mwenyewe na bado akastahiki kufundishwa namna ya kulilipa.

Hata sheria za nchi zimekwenda kwa hatua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na inamruhusu aliyefikia umri huo kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumharibia masomo. Kanuni ya Adhabu inasema aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai. Na aliye chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitike kuwa alikuwa na uwezo wa kujua kwamba alilolitenda halifai. Kwa hiyo mahakama nayo hupima utambuzi, haikomei kwenye urefu wa kimo.

Mtihani wa Minhaj

Twaweza kuulizwa: rushdi hutafutwaje? Aya imekwisha jibu: wajaribuni. Imamu Nawawi, katika Minhaj, kitabu cha fiqhi ambacho masheikh wa pwani wamekisomesha kwa vizazi, ameeleza namna ya jaribio hilo. Mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kununua, kuuza na kubishana bei. Mtoto wa mkulima hujaribiwa kwa shamba na matumizi yake. Mtoto wa fundi hujaribiwa katika ufundi wa nyumba yao, na msichana katika kazi na hifadhi ya vitu vya nyumbani. Tena jaribio hilo halitoshi mara moja, ni lazima likaririwe. Na wakati wake, kwa kauli yenye nguvu, ni kabla ya kubaleghe.

Mtihani huu mkubwa ulio kitabuni mwetu tumeuacha. Wengi wetu tunafanya kinyume: utotoni hatumwamini mtoto kwa lolote, kisha akiota ndevu tunamwachia kila kitu kwa siku moja.

Tuupeleke mtihani huo katika maisha ya hapa kwetu. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mwezi unapokosekana, na alfajiri pwani huwa na kazi tele: kupakua, kuchemsha, kuanika. Mvulana wa miaka 13 aliyekwenda kusaidia hurudi na fedha mkononi. Wapo wazazi wanaoichukua yote, na wapo wasioiuliza kabisa. Wa kwanza hamjaribu mtoto, anamnyang'anya. Wa pili naye hamjaribu, anamtupa. Anayefuata aya humwachia mtoto kiasi kidogo, akamwuliza mapema atakifanyia nini, na baada ya juma akakaa naye kuhesabu. Akikosea, hasara ni ndogo, na mara ya pili hupewa tena. Jambo moja lisisahauliwe: usiku wa bahari usile siku ya shule. Mtoto anayesinzia darasani kwa sababu ya dagaa amepewa mtihani wa watu wazima.

Kwa mkulima wa michungwa kule Muheza, mtihani ni kumpa kijana miti michache aitunze, auze matunda yake na alete hesabu. Kwa mwenye duka la Barabara ya Kumi na Mbili ni kumwachia meza kwa saa moja, kisha kuilinganisha fedha na bidhaa. Kwa mama nyumbani ni kumkabidhi binti bajeti ya sokoni ya siku moja. Na mvulana naye apewe, kwa kuwa naye atakuja kuwa na nyumba. Hata simu ni mtihani. Apewe kwa muda unaojulikana, sebuleni, na muda uongezwe kadiri uaminifu unavyoonekana.

Daraja lililokuwapo

Wazee wetu walikuwa na daraja la kuvukia miaka hii. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903 na kutokana kwa sehemu kubwa na kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kinaeleza kwa urefu chuo, jando na unyago wa zama zile. Msichana alikuwa na somo yake, mwanamke wa makamo asiyekuwa mama yake, ambaye angeweza kumwuliza lile ambalo haya inamzuia kumwuliza mama. Mvulana alikuwa na kungwi, na baada ya hapo alikuwa na nahodha, fundi seremala au mshonaji aliyemshika mkono katika kazi.

Hatusemi kwamba yote yaliyokuwamo yalikuwa mema. Yalikuwamo maneno machafu na mambo ambayo masheikh waliyakemea kwa haki. Ila tulipoyaondoa yale mabaya, tuliliondoa na daraja lenyewe. Yaliyobakia mahali pengi ni ngoma ya usiku mmoja na sare za wageni. Yule mtu mzima mwaminifu, asiyekuwa mzazi, wa kuulizwa maswali, ndiye aliyetoweka. Nafasi yake haikukaa wazi: imechukuliwa na marafiki wa rika lake na na yanayotazamwa simuni.

Kwamba jamii yetu yaweza kujenga upya, tunao ushahidi. Katika miaka ya 1980 huko Mombasa, Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan, alianzisha shule za awali zilizoungana na madrasa, ambamo watoto wadogo walifundishwa dini na masomo ya dunia kwa michezo na kwa vifaa vya kwetu kama vifuu na magome ya kombe. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Maana yake ni kwamba walikaa, wakauliza mtoto wa miaka 4 anafikiri vipi, na wakaibadilisha madrasa imwelekee yeye. Swali hilohilo halijaulizwa ipasavyo juu ya mtoto wa miaka 14.

La kufanya

Kwa wazazi, la kwanza ni kutangulia. Sura An-Nur, aya ya 58 na 59, zinatufundisha kwamba watoto wasiobaleghe wabishe hodi katika nyakati tatu: kabla ya swala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya swala ya isha. Wakibaleghe, wabishe kila wakati. Kwa hiyo mtoto hufundishwa haya na faragha kabla hajazihitaji. Vivyo hivyo binti aelezwe hedhi, twahara na kulipa funga kabla damu haijamshtua shuleni. Wapo wasichana wanaofunga Ramadhani na hedhi yao kwa kuona haya kuwaambia wa nyumbani. Kosa hilo si lao peke yao. Na mvulana aelezwe janaba na kuoga na baba, au ami, au mjomba. Akina baba wengi wa pwani ni hodari wa kuamrisha na wazito wa kueleza.

La pili ni sauti. Mtume (s.a.w.) alijiwa na kijana aliyeomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo walimkemea. Yeye alimsogeza karibu, akamwuliza kama angeliridhia jambo hilo kwa mama yake, binti yake, dada yake na shangazi zake. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Hakumhalalishia haramu, na hakumfukuza. Mkumbuke pia Anas bin Malik (r.a.). Mama yake, Ummu Sulaym, alimpeleka kwa Mtume akiwa na umri wa miaka kama 10, naye akamtumikia kwa miaka 10 mpaka Mtume alipofariki. Miaka hiyo ndiyo hasa ambayo wataalamu wa leo wanaiita ya balehe. Anas alishuhudia kwamba katika muda wote huo hakuambiwa hata neno la kuguna.

Kwa walimu wa madrasa: khitma isiwe cheti cha kuagia. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari. Kati ya hapo watoto wengi wa miaka 13 na 14 hukaa zaidi ya miezi mitatu bila shughuli, na katika miezi hiyo wengi hupotea. Tanga, yenye vyuo vyenye jina kama Shamsul Maarif na Maawal Islamiya, haikosi walimu wa kufungua darasa la wakubwa mara mbili kwa juma: fiqhi ya balehe, hesabu ya fedha, adabu ya simu, na nafasi ya maswali. Mwalimu wa wavulana awe mwanamume, wa wasichana awe mwanamke, na bakora ibaki nyumbani. Kijana anayepigwa mbele ya wadogo zake hatarudi kesho.

Kwa walimu wa shule na wahudumu wa afya: tofautisheni ukaidi wa umri na maradhi. Kununa kwa siku mbili ni jambo la kawaida. Kijana aliyejitenga na watu, asiyelala au asiyekula, aliyeporomoka ghafla katika masomo, au anayesema heri asingezaliwa, na hali hiyo ikaendelea kwa majuma mawili, huyo anahitaji tabibu. Na akitaja kujidhuru, asingojewe hata siku moja. Kumsomea dua ni kheri, na kumpeleka zahanati hakupingani na dua. Panapokuwa na ukatili dhidi ya mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo nchini kote.

Tuna methali tuipendayo, kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Ni kweli, ila wengi huitumia kumkatia tamaa kijana wa miaka 15, kana kwamba amekwisha kauka. Elimu ya leo inasema hajakauka, na aya ya An-Nisaa imetangulia kutuamrisha tuendelee kumjaribu mpaka uwekevu uonekane. Basi juma hili kila mzazi mwenye mtoto wa miaka 11 na kuendelea achague amana moja ndogo amkabidhi, na ataje siku watakayokaa pamoja kuihesabu.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho, na atuwezeshe kukaa nao mpaka wavuke. Wabillahi tawfiiq.